Waachaji wa Daraja la Kwanza

Uvumi wenyewe Mama Elinami aliuokota kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo ukamganda kama kupe kwenye sikio la mbwa. Ulisema hivi: serikali inatafuta watu wasiokunywa pombe.

Si walevi. Walevi walijulikana walipo, na hakuna aliyewahi kupata tabu kuwatafuta. Waliokuwa wakitafutwa ni wakavu, wale ambao hawajaonja hata povu. Wanaandikwa nyumba hadi nyumba, na majina yao yanapelekwa mbele.

"Mbele wapi?" Mama Elinami aliuliza.

"Mbele tu, shoga," alijibu mwanamke aliyemtangulia, akamwaga mahindi yake kwenye mashine, na ngurumo ikameza mengine.

Mama Elinami akasaga, akabeba unga wake, akafika nyumbani, akapika ugali wenye mabonge. Kila alipoufukuza uvumi mlangoni uliingia dirishani. Alikuwa na mwana mmoja tu duniani, na mwana huyo alikuwa mkavu. Baba yake alikunywa pombe ya miwa mpaka ini likakataa, akafa tumbo limegusana na mgongo, na Elinami akiwa na miaka tisa ndiye aliyekuwa akimshikia bakuli la kutapikia. Tangu hapo hata harusini aliomba maji. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kupanda nguzo za umeme. Huvaa vyuma vya kupandia miguuni, mkanda kiunoni, akapanda juu kule ambako ukitazama kofia inaanguka. Kazi ile haitaki mkono unaotetemeka. Mama alilijua hilo, na kila Jumapili alimshukuru Mungu kwa sauti ya kutosha ili na majirani wasikie.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wana ya kwao. Ilikuwa na amani, bendera, na wizara thelathini na nne, mojawapo ikiwa Wizara ya Vimiminika, iliyoshughulikia kila kitu kinachomiminika isipokuwa maji ya bomba, kwa kuwa hayo hayakuwa yakimiminika.

Haikupita wiki, Mheshimiwa Waziri wa Vimiminika akasema redioni, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kula:

"Ndugu wananchi, kuanzia tarehe mosi taifa letu linaacha pombe kwa siku thelathini. Huu utaitwa Mwezi wa Koo Safi. Hatutamwacha mnywaji peke yake na koo lake. Tutampa kinywaji mbadala. Kina rangi, kina povu, kina kizibo. Hakina kilevi. Kina kumbukumbu ya kilevi, kwa kiwango kilichothibitishwa na wataalamu ambao nao wameonja. Kila nyumba kumi zitatoa waachaji watatu. Nasisitiza kufaulu. Sitaki kusikia asilimia tisini na tisa."

Kinywaji hicho kiliitwa Mbadala. Kilitengenezwa katika kiwanda kilekile cha bia, ila kilitolewa kwa mlango wa nyuma.

*

Balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule aliitwa Bwana Mahimbo, mtu mpole sana, mwenye daftari kwapani na muhuri mfukoni kama wenzake wanavyobeba ugoro. Alipiga hodi, akakaribishwa kiti, akauliza habari za mgongo, habari za kuku, kisha akasema:

"Nimekuja kumwandika Elinami."

"Kumwandika nini, balozi?"

"Mwachaji."

Mama Elinami akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye bado hajaamua kuogopa. "Balozi, katika nyumba zako kumi una walevi kumi na mmoja. Mmoja wao amelala kwenye ua wangu sasa hivi, ukitoka mruke. Chukua hao."

"Hao ni walevi, mama."

"Si ndio wenye cha kuacha?"

Bwana Mahimbo akamtazama kwa huruma, kama mwalimu atazamavyo mtoto aliyejibu haraka. "Tunatakiwa kutoa watakaofaulu. Mlevi ukimwachisha anarudi. Akirudi, mimi naitwa wilayani kujieleza, na mkuu wa wilaya anaitwa mkoani. Mkavu harudi, maana hakwenda. Taifa zima limeelekezwa hivyo kwa barua ya siri. Mimi mwenyewe nimeandika mchungaji, mjane wa kwenye kona na huyu wako. Hatutaanguka."

"Mwanangu hajui hata harufu yake."

"Ndiyo maana tunamheshimu," alisema balozi, akaandika jina.

Pengine mama angekataa. Alikuwa na mdomo, na mwiko ulikuwa karibu. Lakini jioni ileile Elinami alirudi na barua ya shirika la umeme. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata Koo Safi, hakuna atakayepanda nguzo bila Cheti cha Kuacha, kwa usalama wake na wa nguzo.

"Nikawaambia mimi sijawahi kunywa, nitaacha nini," Elinami alisema, akivua vyuma vyake miguuni na kuviweka chini ya meza. "Karani akaniambia, ndiyo maana huna cheti."

"Na asiye na cheti?"

"Anafukia mashimo, mama. Anachimba na kufukia."

Uvumi ulikuwa umepata miguu, na sasa ulikuwa umeketi mezani unakula nao.

*

Sheria ilikuwa wazi. Ili mtu apewe cheti cha kuacha, lazima athibitishe kwanza kwamba alikuwa anakunywa. Uthibitisho uliitwa Hati ya Ulevi, na ulitiwa sahihi na mwenye kilabu. Kwa hiyo wanawake ambao kwa miaka ishirini walikuwa wakipita mbele ya kilabu cha Mama Kopo wakitema mate, asubuhi ile walikuwa wamepanga foleni mlangoni pake, wamejitanda khanga mpya, wanamwita dada.

"Leo mmeniona mtu," alisema Mama Kopo. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na hakuwa na kinyongo, jambo ambalo liliwaudhi zaidi. "Mama Elinami, na wewe? Si uliniombea moto wa milele kwenye ibada ya mavuno?"

"Nilikuombea uokoke, dada yangu."

"Ulisema moto. Nilikuwa nyuma ya dirisha, nasikia." Akalamba kalamu. "Haya. Mwanao alikunywa lini kwangu?"

"Andika tu kila siku."

"Elinami? Yule anayepita hapa ameziba pua?" Mama Kopo akaacha kucheka, akaishusha kalamu. "Sikiliza, Mama Elinami. Mimi nauza pombe, siuzi watoto. Kijana mzima kumwandika mlevi ni neno zito. Neno likishaandikwa lina tabia ya kumtafuta mwenyewe."

"Ni karatasi tu," alisema Mama Elinami.

Mama Kopo akaandika.

*

Uandikishaji ulifanyika uwanja wa shule, chini ya turubai la wizara. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba walevi wana madaraja. Aliyeacha ulevi wa daraja la tatu angepata cheti cha kijani, cha kupandia ngazi fupi. Daraja la pili, cheti cha bluu, nguzo za miti. Daraja la kwanza, cheti cha dhahabu, nguzo zote hadi zile za chuma zinazopita mabondeni, na kipaumbele katika ajira, mikopo, na viti vya mbele misibani. Aliyeacha kikubwa ndiye aliyefaulu sana, alieleza afisa wa wizara, kijana mwenye suti, aliyeitwa Bwana Kadenge. Hata mtoto angeelewa.

Basi akina mama wakaelewa.

"Wangu ananywa mbili tatu," alianza mama mmoja kwa aibu.

"Daraja la tatu," alisema Bwana Kadenge.

"Wangu anaanguka mtaroni," akadakia wa pili.

"Mtaro upi?" aliuliza wa tatu. "Ule mfupi wa sokoni? Wangu alitumbukia kisimani, akatolewa kwa kamba, akauliza kama kuna nyingine."

"Wako angalau hutumbukia kimya. Wangu humtukana mchungaji kwa majina yake matatu."

Ungewasikia ungedhani ni sherehe ya mahafali. Wanawake ambao watoto wao walikuwa wakiimba kwaya walitokwa jasho wakiwatungia mitaro. Mama Elinami alisimama katikati yao, Elinami kando yake. Kazi yote ya mwanawe ilikuwa kwenye nguzo za chuma. Cheti cha bluu kisingemfikisha huko. Naye hakupenda kushindwa. Hata maharage yake alitaka yaive kabla ya ya jirani.

"Huyu," alisema, akamshika mwanawe bega, "ameuza mlango wa nyumba yangu akanywea. Nimelala miezi miwili na khanga mlangoni. Akiamka haanzi na chai. Mikono inatetemeka mpaka nimlishe mimi, kama baba yake."

Hata mama wa kisimani akainamisha kichwa, ameshindwa.

"Mama," Elinami alinong'ona.

"Nyamaza. Ni ya baba yako hayo, hayakuumi."

Bwana Kadenge alikwisha inua muhuri. "Daraja la kwanza," alisema, sauti imemlegea kwa heshima. "Hongera sana, mama."

Wakati huo akasogea Mzee Sambiji, yule aliyekuwa amelala uani kwa Mama Elinami. Alikuwa amenawa uso na kufunga kifungo kimoja cha shati. Alisema anataka kuacha. Alisema hivyo polepole, kama anayebeba maji kwenye viganja.

"Unakunywa kweli?" aliuliza Bwana Kadenge.

"Miaka thelathini, mwanangu. Nimechoka. Nisaidieni."

"Basi utatuharibia takwimu, mzee. Rudi mwakani ukiwa umeshaacha."

Mzee Sambiji akageuka akarudi alikotoka, na hakuna aliyemtazama, kwa kuwa ndipo vyeti vya muda vilipokuwa vikigawiwa.

*

Jambo moja halikuwa limesemwa uwanjani, kwa sababu hakuna aliyeliuliza. Kipimo cha Mbadala hutolewa kulingana na ulevi ulioachwa. Daraja la tatu, chupa moja kwa siku. Daraja la pili, tatu. Daraja la kwanza, chupa nane, mbili kati ya hizo kabla ya chai.

Kreti zilishushwa mlangoni kwa gari la wizara. Pamoja nazo akaja binti mwenye tochi, cheo chake Msimamizi wa Koo. Kazi yake ilikuwa kutazama kila funda likishuka, kummulika mwachaji kinywani, kisha kuandika *limeshuka*.

"Kwani ni lazima amalize?" Mama Elinami aliuliza. "Si afadhali anywe maji? Maji si mbadala?"

"Maji hayana kumbukumbu, mama," alisema binti.

Siku ya kwanza Elinami alikunywa chupa mbili akatapika. Binti akaandika *limepanda*, akamfungulia nyingine. Siku ya pili alijaribu kumwagia migomba, na saa hiyohiyo akafika Bwana Mahimbo, mpole kama kawaida, akasoma kifungu kinachohusu kuhujumu Mbadala. Adhabu yake ilikuwa kufutiwa cheti na kurudishwa mwanzo kwa miezi mitatu. Siku ya tatu alikunywa zote nane, akakaa ukutani akitazama mbele.

"Inaonjaje?" mama alimuuliza.

"Kama bakuli la baba," alisema Elinami.

Siku ya tisa hakutapika. Siku ya kumi na moja alicheka chakulani, cheko refu, na mama akafurahi mpaka alipoona kwamba hakuna aliyesema kitu. Siku ya kumi na sita gari la wizara lilichelewa. Elinami akatoka mara nne kutazama barabarani, akarudi, akampigia mama kelele kwa sababu ya chumvi. Hakuwa amewahi kumpigia kelele. Gari lilipofika alimpokea dereva kwa kumkumbatia.

Mama Elinami akapanda hadi ofisi ya wizara, akamwambia Bwana Kadenge kwamba kinywaji kile kinalevya.

"Hakilevyi, mama. Kinakumbusha."

"Kinamkumbusha nini mtu asiyekuwa na la kukumbuka?"

Bwana Kadenge akafungua jalada, akalizungusha ili aone mwenyewe. Kulikuwa na maneno yake yote, yamepigwa chapa: mlango uliouzwa, khanga, mikono, kulishwa. Chini palikuwa na sahihi yake, ile aliyojifunza darasa la tatu, herufi zimeinama upande mmoja.

"Umesema mwenyewe kwamba anatetemeka," alisema kwa upole. "Sasa akitetemeka, sisi kosa letu ni lipi?"

*

Tarehe thelathini taifa lilisherehekea. Waziri alikuja kwenye uwanja uleule wa shule, akapokewa na bendi, akatangaza kwamba waachaji wote milioni moja na laki mbili wamefaulu, asilimia mia moja na moja, hiyo moja ikitokana na ari.

"Tumekuwa nchi ya kwanza," alisema, "kuacha pombe bila kuwasumbua walevi."

Watu wakapiga makofi. Elinami aliitwa jukwaani kupokea cheti cha dhahabu. Alipanda ngazi tatu za jukwaa akishikilia ukingo. Waziri akamshika mkono, ukawa unatetemeka, na Waziri akauonyesha kwa wananchi.

"Tazameni," alisema. "Furaha."

Kesho yake kreti hazikuja. Mwezi ulikuwa umekwisha, na Mbadala nao. Mpaka saa nne asubuhi Elinami alikuwa amelowa jasho shati zima. Saa tano alitoka. Mama alimfuata kwa nyuma, akamwona akipita mbele ya kilabu cha Mama Kopo, akasimama, akarudi hatua tatu, akainama kwenye mlango ule mfupi, akaingia.

Mama Kopo alitoka nje na kopo mkononi. Safari hii hakucheka.

"Nimemnyima," alisema. "Nimemwambia, wewe, karatasi yako niliyoiandika mimi ni ya uongo, rudi nyumbani. Ameniambia, mama, nisaidie, nife au nipone. Huko ndani anashikilia nguzo ya paa ili asianguke. Nifanyeje, Mama Elinami? Nimfukuze aende kwa wanaouza mbaya zaidi?"

Mama Elinami alikwenda kwa balozi, balozi akampeleka wilayani, wilayani wakamrudisha kwa Bwana Kadenge.

"Naomba aachishwe," alisema. "Kweli sasa. Mpelekeni hospitali."

Bwana Kadenge akapekua daftari lake kwa kidole. "Elinami. Ameshaacha, mama. Yuko hapa, daraja la kwanza. Mtu aliyekwisha kuacha hawezi kuachishwa, tutakuwa tunamhesabu mara mbili, na huo ni udanganyifu."

"Analewa kila siku."

"Unachokiona nyumbani ni mafanikio. Huenda hujayazoea."

Jumatatu Elinami akaitwa kazini. Msimamizi wake wa nguzo, mzee mmoja wa miaka mingi kazini, alimwona tangu mbali anavyotembea, akaenda kumweleza mkubwa wake kwamba kijana huyu asipandishwe. Mkubwa akamwonyesha cheti cha dhahabu. Kilisema apande nguzo zote. Kumzuia ilikuwa kumbagua mwachaji, kosa jipya, la wiki ileile.

Mama Elinami akamkuta chini ya nguzo ya chuma bondeni, anafunga mkanda. Kila tundu alilolilenga alilikosa.

"Mwanangu, shuka."

"Sijapanda, mama."

"Basi usipande."

"Nina cheti," alisema Elinami. Hakuwa anamkejeli, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeelezwa jambo na wakubwa, akaamini. "Kimesema naweza."

Akainama kuchukua vyuma vyake. Mama alikuwa ameshavichukua. Alivikumbatia kifuani vikamchana gauni, akapanda navyo kilima bila kugeuka, wasimamizi wakimwita, mwanawe akimfuata na kuanguka, akimfuata na kuanguka. Alipofika nyumbani aliingia chooni, akavitupa shimoni kimoja kimoja, na akasubiri mpaka asikie kila kimoja kimefika.

Shirika likamwachisha Elinami kazi kwa kupoteza vifaa. Wizara ikamwandikia mama barua, kwamba ameyahujumu mafanikio ya taifa, na kwamba suala lake linashughulikiwa. Mpaka leo linashughulikiwa. Elinami anashinda ukutani. Siku nyingine hamtambui mama yake mpaka mchana. Lakini yuko chini, mguu wake unagusa ardhi, na jioni mama humlisha mwenyewe, kwa kuwa kijiko hakimfiki mdomoni.

Mwezi wa Koo Safi wa pili umeshatangazwa. Mzazi mwenye mtoto mkavu aepuke haya:

Kumsifu mwanao mbele ya watu kwamba hanywi.

Kumpa kiti mtu aliyekuja na daftari.

Kinywaji kinachosifiwa kwa kufanana na kingine.

Kinywaji cha bure ambacho mgawaji anakutazama mpaka umeze.

Kutafuta cheti cha kuacha kitu ambacho hukuwa nacho.

Daraja la kwanza la jambo lolote usilolijua.

Kushindana na mama wenzio kwa mabaya ya watoto.

Kusema "ni karatasi tu".

Kumvika mwana aibu ya baba yake, hata kwa dakika moja, hata kwa faida yake, naye amesimama kando yako amenyamaza kwa sababu anakuheshimu.